Mlima Ukiwaka, Nani Atambeba Mzee?

Leo twende kwa jirani zetu wa Kongo, watu wasemao Kiswahili kama sisi, wakaao chini ya mlima Nyiragongo, karibu na mji wa Goma. Mlima huo una urefu wa mita 3,470, nao umo katika mkono wa magharibi wa lile Bonde la Ufa ambalo mkono wake wa mashariki wapita hapa kwetu.

Kileleni mwake hukaa ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, na lava hiyo ni nyepesi kama uji, haina uzito wa ugali. Ndiyo maana hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Watu wa vijiji vya mteremkoni hawakupata hata nafasi ya kumwita jirani. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena. Lava ikapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na watu kwa malaki wakakimbilia Rwanda. Kisha Jumamosi, 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu kabla ya tangazo lolote.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka huo wa 2021 walikufa watu kama 30, wala si wote walioguswa na lava ikitiririka. Wengine waliuawa na ajali za magari, watu wakikimbia gizani. Wengine walikufa baadaye, walipojaribu kukatiza juu ya lava iliyoonekana imepoa, kumbe joto na hewa yenye sumu vingalimo. Tena watoto zaidi ya 100 walitengana na wazazi wao njiani. Hayo, ndugu zangu, hayakuletwa na mlima peke yake. Yaliletwa pia na kutojua mapema nani aende wapi, na pamoja na nani.

Kwa hiyo mtu wa kijijini aishiye chini ya mlima wa namna hiyo yafaa awe na njia mbili za kuondokea, kwa maana lava huweza kuikata moja. Nyumba yote ijue mahali pa kukutana. Mtoto mdogo ashonewe jina lake na la kijiji chake ndani ya nguo. Vyeti viwekwe pamoja katika mfuko usioingiza maji, karibu na mlango. Na mzee asiyeweza kutembea asiachiwe “watu watamsaidia”. Atajwe kwa jina mtu atakayembeba. Mkifika mahali pa kupumzika, msilale bondeni. Wenyeji wa huko husema habari za mazuku: ni hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mahali pa chini na kuua bila harufu, kwanza mbuzi na watoto.

Na mifugo je? Hapa mashauri mengi hushindwa, maana mkulima haachi ng'ombe wake kwa maneno matupu. Mlima Merapi wa Indonesia ulipolipuka mwaka 2010, wakulima walikuwa wakirudi katika eneo la hatari kuwalisha ng'ombe, hata serikali ikaazimu kuwanunua wanyama hao. Mimi nadhani ilifanya vema. Huko huko mzee Maridjan, mlinzi wa mlima kwa desturi, alikataa kuondoka, akafa tarehe 26 Oktoba, pamoja na wengine waliokuwa karibu naye. Sithubutu kumhukumu. Lakini mtu anayesikilizwa na kijiji akikaa, wengine nao hukaa, na jambo hili latuhusu sisi wachungaji na wazee wa kanisa.

Tarehe 27 Mei 2021 wakuu waliamuru sehemu 10 za Goma zihame, na watu wapatao 400,000 wakashika njia. Wengi walilala makanisani na shuleni. Basi tuulizane katika parokia zetu: ufunguo wa kanisa hukaa kwa nani usiku, na je, yeye asipokuwapo, ni nani mwingine aliye nao?