Tuta moja mlangoni: Sayansi ya bustani kwa anayeanza

Fungu la mchicha unalolinunua gengeni jioni huenda lilikatwa alfajiri. Jani likishakatwa haliachi kupumua: linaendelea kula akiba yake, linapoteza maji, na vitamini C yake inapungua kadiri linavyokaa juani. Bustani ya mlangoni hufupisha safari hiyo. Jani linatoka shinani na kuingia sufuriani ndani ya nusu saa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kula angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tuta lenye ukubwa wa mlango halitamaliza hitaji hilo kwa familia nzima, lakini litapunguza siku ambazo ugali unaliwa bila jani la kijani kwa sababu tu hela imeisha. Kwa anayeanza, hilo linatosha.

Mahali

Mboga za majani zinahitaji jua kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku, hivyo kabla ya kushika jembe angalia kivuli cha ukuta kinavyohama tangu asubuhi hadi jioni. Epuka kingo za barabara kuu, jirani na gereji, na mitaro ya maji machafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini mazito, yakiwemo risasi na kadimiamu, katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam. Madini yaliyopandia mizizini yamo ndani ya jani lenyewe. Kuosha na kuchemsha hakuyaondoi. Ukiwa na shaka, au ua wako ukiwa wa saruji, panda kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa chini, ukitumia udongo wa mahali safi.

Udongo

Mchanga wa Pwani hupitisha maji upesi, na virutubisho huondoka nayo. Dawa yake ni mboji. Hushika maji kama sifongo, na vijidudu vilivyomo huvunja mabaki taratibu na kuyageuza kuwa chakula cha mizizi. Kwa tuta la mita moja kwa mbili, changanya ndoo mbili au tatu za mboji au samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi kwa amonia na chumvi zake, na hubeba vimelea vya kuharisha. Iliyoiva haina joto wala harufu kali, na huvunjika mkononi kama udongo mweusi.

Mboga za kuanzia

Wengi huanza na nyanya au pilipili hoho, mazao yanayoandamwa na magonjwa, wakakata tamaa mapema. Anza na matembele. Kata rando la sentimita 30 hivi, ondoa majani ya chini, fukia theluthi mbili. Kila pingili iliyo ardhini itatoa mizizi. Baada ya mwezi mmoja hivi utaanza kuchuma ncha. Ncha ndiyo inayotoa homoni ya kuzuia machipukizi ya pembeni, kwa hiyo ukiichuma, machipukizi hayo huamka na shina hutanuka.

Pembeni sia mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno: zichanganye na mchanga mkavu, kisha zifunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Wiki tatu hadi nne zinatosha kupata mboga. Ongeza kunde, kwani bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani.

Maji

Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukilowa mfululizo, hewa hukosa nafasi na miche huoza shingoni. Chomeka kidole ardhini: ukikuta unyevu, subiri, ukikuta ukavu, mwagilia, hasa asubuhi. Maji ya mtaroni yanaweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo. Maji uliyooshea mchele yanafaa.

Hadi sahanini

Kazi ya bustani inaweza kupotelea jikoni. Osha mboga kabla ya kukata, kwa sababu vitamini C huyeyuka na kutoka na maji. Pika kwa maji machache na kwa muda mfupi. Weka mafuta kidogo: beta-karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri penye mafuta. Madini ya chuma ya kwenye majani hufyonzwa kwa shida. Kamulia limau mezani, nayo yatapita kwa wepesi zaidi. Chai huyazuia, basi iache hadi baadaye.

Huhitaji kungoja msimu wala pakiti ya mbegu. Unapochambua matembele jioni hii, usitupe mashina yote. Chagua moja gumu lenye pingili nne au tano, lizike kwenye udongo wenye unyevu, na ulitie maji kesho asubuhi.