«Unatumika kazi gani?»

Kijana anatoka Kamituga na kikohozi cha miezi miwili, anapiga ile barabara ya kilometa 180 hivi, anafika Bukavu. Kwenye fishi wanaandika jina, miaka, kikohozi. Anapewa antibiotiki, analipa, anarudi shimoni. Hakuna aliyemuuliza: «Unatumika kazi gani?»

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1700 daktari Muitalia, Bernardino Ramazzini, aliwataka wenzake wamuulize hivyo kila mgonjwa, na kitabu chake juu ya magonjwa ya kazi kilianza na wachimba madini.

Kwa sisi wa Kivu, jibu linabadilisha matibabu. Vumbi la jiwe linakula mapafu pole pole, kisha kifua kikuu kinayashika kwa urahisi. Dawa zake ni bure, lakini ni za miezi, na mtu anayehama shimo hadi shimo anaziacha katikati. Mama twangaise hashuki chini, ila anatwanga mawe na kuvuta vumbi lile lile. Merkiri ikichomwa jikoni, moshi wake unamfikia hata mtoto aliye tumboni. Na mpox ile ya aina mpya, iliyoonekana Kamituga Septemba 2023, ilipita kwenye baa: muuguzi anayemkaripia msichana wa baa anampoteza yeye na wote aliokutana nao.

Shule Bukavu tuko nazo: ISTM, UEA, UCB, UOB. Wanafunzi wa UEA wanafanya staji Panzi, hospitali aliyoianzisha daktari Mukwege mwaka 1999. Pale mwanamke aliyebakwa anapata upasuaji, tena mtu wa kumsikiliza, mwanasheria, na msaada wa kuanza riziki. Usawa wa afya tunauelewa hivyo: kumtibu mtu pamoja na maisha yanayomrudisha hospitalini. Tunaomba mchimbaji naye afundishwe namna hiyo darasani, na staji ifike mpaka kwenye kituo cha afya kilicho karibu na shimo, hata kwa mwezi mmoja. Mjini peke yake haitoshi.

Na nyinyi, ndugu zetu, tunajua wengi mnaficha kazi. Eti muganga akisikia dhahabu, bei inapanda! Sema hata hivyo: «Niko nachimba.» Sema ni miaka mingapi, nani nyumbani anachoma merkiri, na anaichomea wapi.