Je, Wajua? Lenzi Huanza na Hesabu

Mwaka 1840, mjini Vienna, Joseph Petzval alibuni lenzi maarufu ya kupigia picha za watu akisaidiwa kukokotoa na askari wa mizinga waliokuwa hodari wa hesabu. Leo kompyuta ndiyo hufuata jinsi kila mwale wa mwanga unavyopinda kwenye kila uso wa kioo, kisha hubadilisha unene, mpindo na nafasi za vioo hadi taswira iwe kali.

Viwandani hutawala programu za CODE V na OpticStudio, iliyokuwa ikiitwa Zemax. Zote ni mali ya kampuni, na leseni zake za kibiashara ni ghali mno kwa mtu anayejitegemea. Lakini zipo programu huria kama RayOptics na Optiland, zilizoandikwa kwa Python. Hazilipiwi, na la thamani zaidi ni kwamba msimbo wake uko wazi: unaona jinsi kila mwale ulivyokokotolewa, na ukitaka unarekebisha. RayOptics husoma hata mafaili ya CODE V na Zemax.

Programu za kampuni bado zinaongoza katika kukadiria athari za kasoro ndogondogo za kiwandani. Ama takwimu za vioo vyenyewe, zinazohitajika katika hesabu hizi, watengenezaji kama Schott wa Ujerumani huzitoa bure.