Ramani kuukuu nayo ni matini: Tusome Jinja ya miaka ya 1950

Mwanafunzi wa lugha hufunzwa kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Ramani huachiwa mwalimu wa jiografia. Kwani ramani si matini? Ina msamiati, ina sarufi, tena ina mwandishi mwenye msimamo wake.

Hebu tutazame ramani ya topografia ya Jinja, Uganda, ya miaka ya 1950. Kipimo kikiwa 1:50,000, sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Mistari ya kontua ndiyo sarufi: ikikaribiana, ujue ardhi inateremka ghafla. Ikiukatiza mto namna hiyo, maji yanaporomoka, na penye maporomoko umeme unaweza kuzalishwa.

Mji wenyewe ulijengeka hivyo. Reli kutoka Kenya ilifika Jinja mwaka wa 1928, na daraja la Mto Nile likafuata 1931. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954. Umeme ukavuta viwanda: cha nguo cha NYTIL, na cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe. Kenya nayo ikanunua umeme huo.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo ndipo penye siasa ya lugha. Mwingereza John Speke alipofika mwaka wa 1862, maporomoko ya hapo aliyapa jina la Lord Ripon, aliyewahi kuwa rais wa chama cha wanajiografia cha London. Owen naye alikuwa afisa Mwingereza. Wasoga, wenyeji wa hapo, mto wanauita Kiyira. Jina Jinja lenyewe latokana na neno la Kisoga na Kiganda lenye maana ya jiwe: mawe ya pale pale mtoni.

Bwawa lilipojengwa, maporomoko ya Ripon yalizama pamoja na mawe yake. Jina la Ripon halikuambii palikuwa na nini. Jinja lingali linakuambia. Siku hizi hata bwawa limepewa jina Nalubaale, ambalo kwa Kiganda ni Ziwa Victoria.

Ramani pia ina vimya vyake. Walukuba, mtaa waliojengewa wafanyakazi Waafrika, ni alama tu za nyumba. Haisemi walitoka wapi wala walisemezana kwa lugha gani.

Basi, ukipata ramani kuukuu ya mji wako, uliza: Majina haya yalitolewa na nani? Kwa lugha gani? Wazee wa hapo wanapaitaje? Jibu la swali la mwisho liandike mapema, wangalipo wa kukuambia.