KISU KIZURI NI KIPI?

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini hawakutuambia jinsi ya kukichagua kisu chenyewe dukani. Ukitembea River Road, au ukishuka hadi Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, utaonyeshwa visu vya kila aina. Kuna vyenye mipini ya plastiki, kuna vilivyochapwa maneno ya kigeni, na kuna vilivyofuliwa papo hapo. Vyote vinang'aa, na ukimsikiliza muuzaji, vyote ni "orijino". Msomaji mpenzi, katika makala haya nitaeleza mambo matano ya kuangalia kabla hujatoa pesa zako mfukoni.

Pengine utauliza, kisu nacho ni cha kuandikiwa makala? Naam. Huku Kawangware mama mboga hukata sukuma wiki tangu jioni hadi usiku, maana wateja wakitoka kazini hutaka mboga iliyokwisha katwa. Kisu butu humlazimu akandamize kwa nguvu, na kisu kinachokandamizwa ndicho huteleza. Jirani yetu mmoja aliumia kidole pale mpini ulipopasuka mkononi, akakaa karibu wiki mbili bila kuuza. Vivyo hivyo machinjioni kule Dagoretti: mchunaji mwenye kisu kibaya hutoboa ngozi, na ngozi yenye matobo bei yake hushuka. Kwa hivyo kisu ni mkate wa mtu.

Jambo la kwanza ni chuma chenyewe. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, na kaboni hiyo ndiyo humfanya fundi aweze kukikaza. Chuma laini cha kutengenezea mageti na madirisha huwa na kaboni isiyofika asilimia 0.3. Hata ukikichoma na kukizamisha majini mara kumi, hakitashika makali. Springi za gari nazo huwa na kaboni kama asilimia 0.6, na ndiyo sababu wafua vyuma huzitafuta sana. Basi muulize fundi, "Mzee, hiki ni cha springi ama cha bati?" Fundi mwaminifu hatakasirika. Kuna pia visu visivyoshika kutu. Hivi huwa na madini ya kromiamu, angalau asilimia 10.5. Vinafaa jikoni penye nyanya na ndimu, lakini tusidanganyike: kutoshika kutu si sawa na kushika makali.

La pili ni moto. Chuma kizuri kilichopikwa vibaya ni kazi bure. Fundi hukichoma kisu mpaka kiwe chekundu, kupita nyuzi 770 za Selsiasi, ambapo sumaku haikishiki tena. Kisha hukizamisha katika mafuta au maji ili kikaze. Hapo kimekuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama glasi. Kwa hivyo hukipasha moto tena kwa upole, kama nyuzi 200 hivi, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya manjano kama majani makavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wenye haraka huiruka.

Wewe mnunuzi utajuaje? Omba ruhusa, ujaribu tupa kidogo karibu na mpini. Tupa ikiteleza au ikiuma kwa shida, chuma kimekaza. Ikila kama inavyokula msumari, wacha hicho. Pili, bonyeza ubapa wa kisu kwenye meza upinde kidogo tu. Kikirudi sawa, vema. Kikibaki kimepinda, ni laini. Tatu, tazama ukingo wa makali. Ukiona doa la buluu hapo, huenda mashine ya kunolea ilikichoma, na sehemu hiyo itakuwa butu upesi.

La tatu ni umbo la makali. Hapa tunaweza kujifunza kutoka mbali. Katika mji wa Mora nchini Uswidi visu vimetengenezwa viwandani tangu karne ya 19, na jirani zao wa Ufini wana kisu chao kiitwacho puukko. Visu hivi ni vya watu wa msituni, vya kuchonga kuni na kupasua samaki. Ubapa wake si mnene, mara nyingi kama milimita 2 hadi 3. Kila upande una mteremko mmoja ulionyooka mpaka kwenye makali. Ukilaza mteremko huo wote juu ya kinoo, umeshapata pembe sahihi ya kunoa, hata kama wewe si fundi. Visu vyetu vya springi mara nyingi ni vinene zaidi. Vinavumilia mapigo, lakini kisu kinene hupasua kitunguu badala ya kukikata.

La nne ni mpini. Wengi husema kwamba mkia wa kisu lazima uonekane mpaka mwisho wa mpini. Hiyo ni dalili nzuri, lakini si sheria. Visu vingi vya Uswidi vina mkia mwembamba uliofichwa ndani, na bado ni imara. La muhimu ni kwamba mkia uwe mrefu na ushike. Kitikise: kikicheza au kikilia, kirudishe. Pitisha kidole juu ya misumari ya kubana, isiwe imechomoza. Tena mpini usiteleze mkono ukiwa na maji au mafuta.

La tano ni kazi. Hakuna kisu cha kazi zote. Ukitaka kufyeka, nunua panga. Ukitaka kuchuna, tafuta kisu chenye tumbo la mviringo. Ukipigilia kisu chembamba kwa jiwe ili kipasue kuni kisha kikavunjika, usimlaumu fundi.

Ukishakinunua, kinoe mara kwa mara, kikaushe baada ya kazi, na ukiweke mbali na watoto. Wanafunzi wenzangu, majaribio haya yafanyeni mbele ya wazazi, na kisu kibaki nyumbani. Shuleni hakina kazi.

Mwisho, mnaposhuka Kamukunji kumbukeni jambo moja. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilitoa waraka kuhusu biashara ndogondogo na maendeleo ya jua kali. Lakini waraka haununui kisu; sisi ndio wanunuzi. Tukinunua kwa kutazama mng'ao tu, fundi anayepika chuma chake kwa subira atalipwa sawa na yule anayekata bati na kulipaka rangi, na mwishowe atachoka, aanze naye kukata bati. Mnunuzi akijua kuuliza, fundi mwema naye hula. Hapo ndipo mwenye kisu kikali na aliyekifua watakapokula nyama pamoja.