Unauza amplifaya za gitaa za valvu? Mteja akiuliza bodi ni ya nini, uwe na jibu

Leo naongea na sisi wachache tunaounda amplifaya za gitaa za valvu na kuziuza mtandaoni, pamoja na wanaouza seti za vipuri ili mteja aunge mwenyewe nyumbani. Soko letu ni dogo, jamani. Wapiga gitaa wa bendi za dansi, wa makanisani, na wenye studio za vyumbani. Ila mteja wa namna hii akiridhika anarudi, na akichukia anawaambia wapiga gitaa wote anaowajua.

Ukipiga picha ya bidhaa unapiga boksi, kitambaa cha spika na vitufe. Kinachorudisha mzigo dukani hakionekani kwenye picha hiyo. Ni bodi, kile kipande ambacho rezista na kapasita zimelala juu yake.

Kwanza elewa bodi hiyo inabeba nini. Pedali ya gitaa inatumia volti 9. Amplifaya ya valvu, hata ile ndogo ya kufanyia mazoezi chumbani, ina volti 300 na zaidi ndani yake, na zile za wati 50 au 100 nyingi zinakaribia 450 hadi 500. Umeme huo unapita sentimita moja tu kutoka kwenye waya unaobeba sauti laini ya gitaa. Kinachoutenganisha ni hewa na bodi. Kwa hiyo bodi si rafu ya kupangia vipuri, ni kizuizi cha umeme.

Wengi wetu tunaiga amplifaya za zamani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Fender wa California, miaka ya 1950 na 1960, walitumia bodi ya faiba: karatasi ya pamba iliyolowekwa kwenye dawa, ikashindiliwa mpaka ikawa ngumu, kisha ikatiwa nta. Vipuri viliingia kwenye vijitundu vya chuma, kama vile vya kamba za viatu. Marshall walipoanza London mwaka 1962 waliiga saketi ya Fender Bassman karibu yote, lakini bodi yao ilikuwa na visiki vya shaba vilivyosimama. Vox AC30 nayo ilijengwa kwa vipande vyenye masikio ya kulehemia. Yaani majina yote matatu yanaheshimika na kila mmoja alikuwa na njia yake. Anayekuambia "bodi halisi ni hii moja tu" hajafungua amplifaya nyingi.

Sasa faiba. Ni rahisi kukata, ni rahisi kutoboa, na inapendeza ukitaka nakala ya kitu cha zamani. Shida yake ni maji. Ile ni karatasi, na karatasi inakunywa unyevu wa hewani. Nta inasaidia kwa muda, lakini joto la miaka mingi la valvu na chuma cha kulehemu vinaipunguza. Ikishakunywa maji inaanza kupitisha umeme kidogo kidogo.

Tupige hesabu, maana watu hudharau hicho kidogo. Valvu ya 12AX7, ile inayopokea sauti ya gitaa, gridi yake kwa kawaida inashushwa chini kwa rezista ya megaohmu 1. Tuseme jirani yake kuna volti 200, na bodi iliyolowa ina ukinzani wa megaohmu 100 kati yao. Megaohmu 100 ni nyingi, mita nyingi za mfukoni hata hazifiki huko. Lakini volti 200 ukizigawanya kwa uwiano huo, karibu volti 2 zinatokea kwenye gridi, mahali panapotakiwa kuwa sifuri. Valvu yenyewe inafanya kazi kwa tofauti ya volti 1.5 hivi. Hapo sauti inachafuka, inakwaruza kama mahindi yanayopasuka kikaangoni, na mteja anabadilisha valvu tatu bila kupata nafuu.

Niko Tanga, na masika ya huku wenyeji mnayajua, hata chumvi mezani inayeyuka. Kaka mmoja wa bendi aliniletea amplifaya aliyoinunua mtandaoni kwa muuzaji mwingine. Alipokuwa Dodoma ilikuwa safi kabisa. Alipohamia pwani ikaanza kukwaruza, tena jioni zaidi kuliko mchana. Niliweka ncha moja ya mita kwenye chesisi na nyingine juu ya bodi tupu, mahali pasipo na kipuri chochote. Ikasoma volti 7. Bodi tupu, jamani! Bodi ilikuwa faiba, na tangazo aliloninyeshea kwenye simu liliandika "fibaglasi".

Hilo ndilo ninalotaka mlikamate. Faiba na fibaglasi ni vitu viwili tofauti. Majina yanafanana, mtu wa dukani anachanganya, muuzaji anakopi maandishi, na mteja anauziwa karatasi akidhani ni kioo.

Fibaglasi ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa epoksi. Sokoni utakutana na G10 na FR4. Zinakaribiana sana, FR4 imeongezewa dawa ya kuzuia moto usisambae, na kwa kitu cha volti 400 kinachokaa sebuleni mwa watu mimi nachukua FR4 bila kujiuliza. Haikunywi maji kama karatasi, haipindi ovyo, inavumilia kulehemiwa na kulehemuliwa. Kwa kazi ya visiki natumia unene wa mm 3. Ile ya mm 1.6 ya bodi za kawaida inanepa ukigonga kisiki, na visiki vilivyotengenezwa kwa mm 3 vinacheza ndani yake.

Ubaya wake ni kuitoboa. Inaua biti za kawaida. Ukiwa na bodi nyingi nunua biti za kabaidi. Na vumbi lake ni kioo. Vaa barakoa, toboa nje au lowesha kidogo, usipulize kwa mdomo, na nguo za kazi usizichanganye na za watoto.

Kati ya hizo mbili kuna pakisolini, ile ya kahawia, karatasi iliyoshikwa na gundi ngumu ya jamii ya bakelaiti. Ikiwa ya daraja zuri inafaa, na mafundi redio wameitumia miaka na miaka. Lakini ile dhaifu inapasuka ukingoni, na cheche ikiruka juu yake inaacha mstari wa mkaa. Mkaa unapitisha umeme, na ukishaungua hapo huna cha kufuta, unabadilisha bodi.

Plaiwudi na plastiki ya mabango msiniulize. Moja inakunywa maji, nyingine inalainika karibu na nyuzi 100, na chuma cha kulehemu kina zaidi ya 300.

Ukienda kununua, usitazame rangi. Kuna FR4 nyeusi inayofanana kabisa na faiba, tena hiyo nawapendekezea wanaotaka sura ya zamani bila shida zake. Omba kipande cha pembeni, kivunje. Fibaglasi inaacha nyuzi nyeupe zinazochoma vidole. Pakisolini inakatika kama biskuti. Faiba inapinda na kuchanika kama kadibodi ngumu. Ile ya asili isiyo na rangi ukiinua kwenye mwanga unaona msuko wa kitambaa ndani.

Nikiwa na shiti mpya kutoka kwa mtu nisiyemjua naongeza hatua moja. Natoboa matundu mawili yaliyoachana mm 10, natia skrubu, naazima mega ya fundi umeme na kupima kwa volti 500. Kisha nakiloweka kipande usiku kucha, nafuta, nakiacha saa moja, napima tena. Fibaglasi inabaki mwisho wa mita. Faiba inaporomoka.

Bei sasa, maana najua mnaisubiri. Shiti ya fibaglasi inatisha ukiilipia kwa mkupuo. Igawe. Shiti ya sm 60 kwa 30 inatoa bodi kumi za sm 30 kwa 6 kwenye karatasi ya hesabu. Msumeno unakula, kwa hiyo hesabu tisa. Tofauti na faiba kwa bodi moja ni ndogo kuliko nauli ya basi ya kurudishiwa mzigo kutoka Mbeya.

Bodi za kuchapwa nazo zisidharauliwe. Viwanda vingi vya China vinapokea hata oda ya vipande vitano. Agiza FR4, shaba ya mikroni 70 badala ya 35 ya kawaida, na soketi za valvu zifungwe kwenye chesisi, siyo juu ya bodi, kwa sababu valvu za nguvu zinapika kila kilicho karibu. Ila ukiuza hiyo usiandike "imefungwa kwa mkono". Mteja atafungua.

Kuna wanaodai faiba ina sauti tamu zaidi. Kwenye bodi kavu sijawahi kuisikia tofauti hiyo, na kwenye bodi iliyolowa naisikia vizuri sana, ni ile ya mahindi. Mteja akiitaka kwa ajili ya nakala halisi namtengenezea, na kwenye tangazo naandika: "Bodi ya faiba iliyotiwa nta kama za zamani. Haifai kukaa pwani wala sehemu yenye unyevu." Kwa nyingine zote naandika: "Bodi FR4, mm 3, visiki vya shaba, imefungwa kwa mkono," na picha ya kwanza baada ya boksi ni ya ukingo wa bodi, karibu, ili unene uonekane.

Kwa wanaouza seti za vipuri, tieni karatasi moja ya onyo juu kabisa, kabla ya mchoro: kapasita zinashika umeme hata plagi ikishachomolewa, zishushwe kwa rezista na zipimwe kwa mita kabla mkono haujaingia. Mimi naibandika juu ya mfuko wa kapasita wenyewe, ili asiweze kuufungua bila kuichana.