Kutoka Kiwanja cha Chake Chake Hadi cha Unguja: Ni Mwendo Gani?

Tumeulizwa mara nyingi ndege ya Pemba huchukua muda gani kufika Unguja, na masafa yenyewe ni kiasi gani. Barazani huyu husema maili hamsini, yule husema mia. Tumeona bora tujibu kwa hesabu ili ubishi ukome.

Kiwanja chetu kipo nyuzi 5 na dakika 15 kusini ya Ikweta. Cha Unguja, kule Kisauni, kipo nyuzi 6 na dakika 13. Tofauti ni dakika 58, na kila dakika moja ya kwenda kusini ni maili moja ya bahari. Tena Unguja imelalia magharibi kwa dakika 36 hivi. Aliyeshika hesabu za pembetatu alizofundishwa skuli atapata maili 68 za bahari, ambazo ni kilomita 126, au maili 78 za nchi kavu. (La ajabu ni kuwa kiwanja cha Tanga ki karibu nasi zaidi, kilomita 85 tu, walakini shughuli zetu nyingi ziko Unguja.)

Ndege ndogo za abiria kumi na wawili hivi huenda kama kilomita 300 kwa saa. Basi safari ni dakika 25, na ukitia kupaa na kutua, nusu saa. Wakati wa kusi ndege ya kwenda Unguja hupambana na upepo ikachelewa kidogo. Wakati wa kaskazi husukumwa.

Hiyo ndiyo hesabu ya angani. Ya ardhini ni nyengine, na sisi tuliisoma kwa uchungu. Msimu mmoja mwenzetu wa upande wa Konde alianguka mkarafuuni saa tatu asubuhi, akavunjika paja. Daktari alitaka apelekwe Unguja siku ile ile. Gari ilipatikana saa tano. Tulipofika Chake Chake tukaambiwa kuwa mgonjwa wa kulala hukatiwa nafasi zaidi ya moja, na fedha tuliyokuwa nayo ilitosha nafasi moja tu. Tukaanza kuzunguka madukani kukopa, huku mwenzetu amelazwa juu ya jamvi kivulini, hasemi neno. Ndege ya saa saba ikaondoka tunaiona. Tukapata ya saa kumi, na saa kumi na nusu ilikwishatua Kisauni. Alipolazwa kitandani hospitali ilikuwa karibu na magharibi.

Nusu saa angani, na saa tisa kwa jumla! Mwenzetu alipona, alhamdulillahi, ila hapandi tena mikarafuu; sasa huanika na kuchambua karafuu, na hutembea kwa bakora.

Kwa sababu hiyo kamati imekubali kila tawi liwe na akiba ya nauli ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumfuata, ikae kwa mtu anayejulikana na anayepatikana hata usiku. Kadhalika awe na nambari ya simu ya mwenye gari na ya wakata tikiti. Matawi ya Konde na Wete yana barabara ndefu kufika kiwanjani, hivyo gari yao ipangwe mapema zaidi.

Tawi ambalo halijateua mtu wake lituletee jina kabla wachumaji hawajaanza kupanda.